Vidole Viwili na Neno Moja

4 Machi

Mwanangu Mwalimu,

Hujambo? Na wanafunzi wako, hawajambo? Mimi ni mzima, ila usinicheke mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wiki tatu zilizopita ile mashine ya kunyooshea mashuka hapa hotelini ilinivuta mkono wa kulia, ikaondoka na vidole viwili. Sikukuambia kwa sababu ungeacha darasa ukaja mbio.

Sasa afisa utumishi ameniletea fomu ya Kiingereza. Anasema nisipoisaini sirudi kazini. Mahali pa kueleza jeraha ameandika "minor". Nilipomuuliza maana yake alisema ni neno la kawaida tu, nisijisumbue. Nilikusomesha ili watu wasinijibu hivyo. Nieleze.

Mama yako

9 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Unaendeleaje na maumivu? Nimelia, kisha nikakukasirikia. Wiki tatu nzima unanificha?

Neno hilo ni kivumishi. Maana yake ni kitu kidogo, kisicho na uzito. Darasani nawapa watoto mifano: mkwaruzo kwenye mlango wa gari, nukta iliyosahaulika, mafua ya siku mbili. Lina ndugu zake, "slight" na "small", na kazi yao wote ni kupunguza. Ukisaini, umekubali kwamba hakuna kubwa lililotokea, na ile kinga ya mikono uliyoniambia waliing'oa kwenye mashine mwaka jana hawatairudisha.

Lakini Mama, umebakiza miaka miwili tu ustaafu. Usigombane nao. Ni neno tu. Saini upumzike.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Maumivu yapo, ila nalala. Huo ushauri wako wa mwisho nakurudishia, sina pa kuuweka. Kama ni neno tu, mbona yeye hataki kulitoa?

Ijumaa nilikwenda ofisini kwake. Nilimwambia akunje vidole viwili vya mkono wa kulia, kisha afunge kifungo cha shati kwa vilivyobaki. Akahangaika mpaka jasho likamtoka. Akasema basi, ataandika "slight". Nikamwambia huyo namjua, ni nduguye tumbo moja. Ungemwona alivyonitazama. Miaka kumi na tisa alidhani nafua tu.

Nikachukua kalamu yake, nikalikata lile neno, nikaandika juu yake: vidole viwili, mashine isiyo na kinga. Kisha nikasaini. Akasema fomu hii ni ya Kiingereza. Nikamwambia vidole vilikuwa vya Kiswahili.

Ameikataa, nami nimeondoka nayo kabla hajaichana. Naogopa, sikufichi. Kazi hii ndiyo niliyo nayo. Lakini yule mwenzangu aliyekaa mahali pangu kwenye mashine ana vidole kumi bado, na sitavisainia viende kama vyangu.

Jumatatu ijayo saa moja asubuhi naipeleka tena. Usije kunizuia. Ukija, simama upande wangu wa kulia.

Mama yako