Theluji ya Timau

Kendi, uko? Nimejichoma. Nimejichoma vibaya sana kwa mdomo wangu.

Unajua ile kazi yangu ya kuwafanyia wanafunzi wa Amerika asaimenti mtandaoni? Leo swali la fizikia limenishinda, lina kalkulasi hadi mwisho. Nikalinakili kwa daftari, nikampelekea lekchara wetu Mutembei ofisini, eti ni la kujisomea.

Akafurahi! Akalifanya lote hatua kwa hatua, hadi akanichorea gari.

Halafu akarudi kwa swali. Akasoma tena.

"Kawira, hili gari linateleza kwa theluji. Wewe barabara ya theluji umeiona wapi?"

Nikasema Timau, eti baridi ya Mlima Kenya.

AKI NILISEMA TIMAU.

"Na huko Timau siku hizi wanapima barabara kwa maili?"

Kendi, Timau! Mtu mzima na akili zangu!

Akainuka, akafunga mlango. Nikajua basi, mimi nimefukuzwa, narudi nyumbani kupalilia viazi.

Akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini: "Hizi asaimenti unatumia akaunti gani? Yangu waliifunga Jumatatu."

Saa hii ako kwa swali la pili. Nimemletea chai.