Soksi Wakati wa Joto

Kaka yangu mpendwa,

Nyumbani hatujambo. Asante kwa kunisihi nianze vile vidonge vya ugonjwa wangu wa selimundu. Mwaka mzima sijalazwa. Vidonge vimenitia mistari myeusi kwenye kucha, na wanafunzi wangu hunitania, "Mwalimu, umechovya vidole kwenye wino?" Nacheka nao. Kwa kulala bila maumivu, ningekubali hata kucha za kijani.

Ila nina kidonda kwenye kifundo cha mguu, na hakitaki kufunga. Nilikificha nikihofia daktari atasema kimeletwa na vidonge, anisimamishie dawa. Asubuhi hii Mama akauliza, "Soksi na joto hili, mwanangu?" Akanivua mwenyewe.

"Unamficha nani? Mguu huu nimeukanda tangu ukiwa mchanga."

"Wakininyima dawa je, Mama?"

"Tutawasikia wenyewe. Mficha maradhi unaujua mwisho wake. Vaa viatu."

Nimelia kidogo, Kaka, lakini si kwa uchungu. Sikuwahi kuwa na raha mwilini mwangu ya kuogopa kuipoteza. Sasa ninayo, na aliyenisukuma kuipata ni wewe.

Mama ananiita, tunakwenda kliniki.

Mdogo wako uliyezoea kumpeleka huko mgongoni, leo anakwenda kwa miguu.