Konzi ya Jivu

Mlabani, Ifakara

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Masagati, na ule mguu sasa unakanyaga vizuri. Kaka Benedikto akusomee polepole, asiruke. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

Unajua wazee wa ukoo wa marehemu mume wangu walivyosema: pombe ya kuondoa matanga aipike mjane mwenyewe. Ikiumuka, marehemu amemridhia. Ikikataa, mjane anarudi kwao na mtoto anabaki. Basi nikapika kama ulivyonifundisha: kimea cha ulezi, unga wa mahindi, na konzi ya jivu kwenye maji ili isiwe kali.

Ikakataa. Ililala tu mtungini bila povu, na ukiionja inateleza mdomoni kama sabuni. Shemeji Daudi, mdogo wa marehemu, alichungulia akasema, "Umeona mwenyewe, shemeji. Kaka hakutaki." Mama mkwe akamwita Paskalina wangu akakae upande wake. Nililia mpaka nikaona aibu.

Siku nilipofua nguo za msiba, sabuni ikagoma kutoa povu. Nikatazama chungu cha kuchemshia maji, ndani kumeganda ukoko mweupe. Mama, maji ya kisima cha huku yana chokaa, nayo hukata ukali kama jivu. Jivu letu ni la maji mepesi ya mlimani. Huku ni kama nilikuwa naongeza jivu juu ya jivu. Nikawapigia wazee magoti, wakaniruhusu nipike tena. Nilichota maji ya mto Lumemo, nikatia ya kisima kidogo tu, jivu nikaliacha jikoni.

Ikaumuka hata kifuniko kikainuka. Wazee walikunywa wakasifu, mama mkwe akanirudishia mtoto, nami nikamshukuru Mungu. Kumbe Daudi alikuwa anangoja tu. Akasimama na kata ya pombe mkononi, akasema, "Kaka amekubali. Basi mke wa kaka hawezi kukaa bila mtu." Wazee wakaitikia. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Sasa mkeka wake uko chumbani kwangu. Paskalina akimwita baba mdogo, anamkaripia, anataka aitwe baba. Simtaki, mama. Kuna siku natamani ningetia jivu tena, nirudishwe kwetu, halafu mtoto ananiita.

Msalimie baba, na shangazi. Akiuliza habari za pombe, mwambie ilisifiwa sana.

Ni mimi mwanao, niliyekubaliwa,
Matilda