Ncha ya kitenge

Mujukuu wangu Bella,

Huku Kanyosha tumeamuka, na mihogo imeota vizuri. Umeniuliza kama naogopa babu yako kupasuliwa kesho. Naogopa sana.

Tulipooana tu, tulipanda boti kutembea, tukafuata kando ya ziwa mpaka Rumonge. Upepo ukachafuka, maji yakaanza kuingia. Babu akafunga ncha ya kitenge changu kwenye mukaba wake. Nikatulia, nikajua ataniokoa. Tulipofika nikamuuliza alijifunza wapi kuogelea.

"Mi? Sijui hata kidogo."

"Sasa ulinifunga ya nini?"

"Niliogopa kwenda peke yangu."

Tangu asubuhi ameshika ncha ya kitenge changu. Kesho, kwenye mulango wa hospitali, watamuambia aachie.

Bibi yako