Lango Alilolisimulia Mama

Linz, Jumatatu

Kwako Dada Bronka,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, na Mama kuliko wote. Mguu wake unaendeleaje, na kile kikohozi? Akikataa supu mpe viazi na maziwa mgando, hivyo huwa hakatai hata akiwa amenuna. Sisi tulifika salama. Ubatizo ulikwenda vizuri, mjukuu wetu Marcel hakulia hata maji yalipomgusa, na shemeji yako Tadek alikula keki mpaka akafungua kifungo cha suruali mbele ya wakwe wa mwanetu Kuba. Kuba mwenyewe anakusalimu. Amenenepa, na anaongea Kijerumani haraka haraka hadi naona kama namsikiliza mtoto wa mtu mwingine.

Lakini najua hukuwa unasubiri habari za keki. Unataka kujua kama nilikwenda kule kwenye kambi ya Wajerumani alikofia Babu Walenty wakati wa vita.

Unakumbuka asubuhi ile tunaondoka, Mama aliniita kitandani, akanipa kifurushi cha magazeti, akasema ndani mna mshumaa wa makaburini, nikamwashie baba yake langoni, upande wa kushoto, pale alipouweka wake mwaka ule parokia ilipokwenda Roma kwa basi. Halafu akasema nimwangalizie kama lango bado lipo. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, mikono kifuani, ukaniambia huwezi kumpita Babu barabarani ukaenda kula keki. Sasa nakuambia, sikutaka kwenda. Tadek alikuwa na sababu yake, kwamba mtu haendi kumbeba mtoto kanisani huku ananuka makaburi. Mimi sikuwa na sababu. Kila nilipofikiria ile kambi hakuna kilichokuja, si huzuni si woga, kama daktari wa meno akishakuchoma sindano ukagusa mdomo wako ukaona si wako.

Njiani Tadek alisema uamuzi ni wangu, yeye ni dereva tu, kisha akaniamulia kuanzia mpakani. Alisema, "Babu yako amekufa wewe hujazaliwa. Hata mama yako alikuwa bado anasukwa nywele. Unaenda kumlilia nani?" Nikamwambia silii. Akasema, "Ndiyo nakuuliza sasa. Kama hulii, unaenda kufanya nini?" Lakini kibao cha barabara kilipotokea nilimwambia akate kona, naye akakata.

Simulizi ya Mama unaijua kuliko mimi. Kila Siku ya Watakatifu Wote, chini ya ule msalaba mkubwa tunapowasha mishumaa ya marehemu wasio na kaburi, lazima awasimulie majirani. Lango jeusi la chuma, mnara huku na mnara huku. Ukuta aliouwekea mkono ukawa wa baridi ingawa ilikuwa Julai. Mshumaa aliouacha upande wa kushoto. Tunaijua kama sala ya Baba Yetu. Basi nilishuka na kifurushi chake nikaanza kulitafuta lango.

Hakuna lango, Bronka. Kuna nyumba. Mitaa mizima ya nyumba zenye ua uliokatwa vizuri, nguo zimeanikwa, baiskeli za watoto zimelala kwenye majani. Katikati yake wamejenga jengo dogo la saruji la kumbukumbu, na watu wanaingia humo. Nilimkuta bibi mmoja anamwagilia maharage. Kijerumani changu ni kile cha miaka ya kufanya usafi kwenye nyumba za Wajerumani, naweza kuomba ndoo lakini si mambo haya. Nikamchorea minara miwili kwa mikono. Akasema hiyo ni kambi nyingine, ile ya mlimani, ndiyo inayouzwa kwenye postikadi. Hapa lango la namna hiyo hajapata kuliona, na yeye aliletwa bibi harusi kwenye nyumba ile Mama akiwa bado msichana. Aliniuliza kama nina kiu. Akaniletea maji, nikanywa.

Nilijiambia labda Mama alipelekwa ile ya mlimani akachanganya. Nikakaa kwenye benchi, pale mabasi ya wageni yanaposimama, nikafungua magazeti. Unaukumbuka mshumaa mwekundu wa juu ya kabati, nyuma ya kopo la sukari? Ule niliopigwa kofi kwa ajili yake nilipouchukua tucheze kanisa? Ndio huo. Chini bado una lebo ya duka la ushirika la kijijini, lililofungwa kabla hujaolewa. Kifuniko kimeshika kutu. Utambi mweupe kabisa, haujawahi kuona moto.

Basi la parokia lilisimama hapo, Bronka. Wenzake walishuka na padri, Mama akabaki kwenye kiti, mapajani mshumaa huu huu anaosema aliuacha langoni. Hakuna aliyeniambia, lakini siwezi kuona vingine. Aliporudi watu walimuuliza kulikuwaje, ikabidi aseme kitu, na postikadi ya lango la ile kambi ya mlimani alikuwa ameiona. Toka hapo anasimulia kila mwaka. Na kati ya mishumaa yote ya dunia hii, amenipa huo.

Sikulia, najua utauliza. Mlango wa lile jengo ulikuwa wazi, si mbali zaidi ya kutoka barazani kwetu hadi kisimani, na nje yake wanafunzi walikuwa wanakula mikate. Niliutazama mlango. Sikuingia. Tadek alikuja nikajua atasema twende, lakini alikaa, akauchukua mshumaa, akachokonoa utambi kwa ufunguo wa gari huku akilitukana duka la ushirika kwa sauti ya chini. Aliwasha kiberiti chake cha gesi mpaka kikamuunguza dole gumba. Uliposhika tukauweka kwenye mguu wa benchi. Basi moja likaja, watu wakashuka wakitukwepa, mama mmoja akabaki ndani dirishani. Tukaondoka.

Tutafika Alhamisi, na Mama hatasubiri hadi hapo, atakuuliza wewe. Usimwambie habari za nyumba wala za maharage. Mwambie lango lipo, jeusi vile vile, na minara yake. Mwambie niliweka mkono ukutani na ukuta ulikuwa wa baridi. Mwambie mshumaa wake nimeuwasha pale pale alipofika yeye. Hilo la mwisho halina uongo. Akikutazama sana, mtengenezee chai.

Wasalimie shemeji na watoto, na umbusu Mama mkono kwa niaba yangu. Na pale nyuma ya kopo la sukari usiweke kitu.

Ni mimi mdogo wako,
Ludka