Gari la Jofrey na Posa Isiyofunguliwa

Mtaa wa Mlandege,
Iringa.
8 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Bertha, pamoja na wote wa nyumba yako mtakaoketi kuisikiliza barua hii ikisomwa,

Wapambanaji wenzangu! Ndugu wa tawi lile la ukoo wa Kalinga linalosafiri kwa nauli na kumalizia safari kwa miguu, nawasalimu kutoka nyanda za baridi. Kamwene!

Shangazi, shikamoo. U hali gani huko Songea? Goti lako linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua niliyompa kondakta ilikufikia au iliishia njiani? Huku Iringa baridi ya Julai imetukalia mabegani, watu wanatembea na mablanketi mchana. Mama hajambo, ingawa kifua humsumbua alfajiri. Mimi nimemaliza mitihani ya mwaka wa tatu. Mmoja nusura niukose kwa sababu ya mgomo wa maji hosteli, ambao niliuongoza mwenyewe na ambao, kwa taarifa yenu, tulishinda.

Najua ungependa nipige simu. Lakini jambo lenye uzito halifai kusemwa kwenye simu inayokatika katikati ya sentensi, na kundi la WhatsApp la ukoo lina msimamizi mmoja tu sasa, naye ni Jofrey. Nikiweka neno pale, yeye atakuwa wa kwanza kulisikia na wa kwanza kulicheka. Kwa hiyo barua hii naituma kwa basi, kwa mkono wa mtu ninayemwamini.

Jofrey, mtoto wa Baba Mkubwa Rabson, amenunua gari. Nikisema gari nalipunguzia hadhi. Ni Range Rover Sport jeusi, limetumika kidogo tu, lina injini ya silinda nane, viti vya ngozi ya rangi ya asali, na paa la kioo linalofunguka ili mwenye nalo aitazame mbingu bila kuteremka. Parachichi za Kilolo ndizo zilizomfikisha hapo. Sisemi aliiba. Ningefurahi sana kama angekuwa ameiba, kwa maana ningekuwa na la kusema.

Nina wivu, Shangazi. Naliandika neno hili mapema ili asije mtu akaligundua baadaye na kudhani nililificha.

Uchungu zaidi ni kwamba gari lenyewe nilikwenda kulinunua mimi pamoja naye. Jofrey aliniomba tufuatane hadi Mbeya, kwa kuwa mimi nasoma sheria na yeye mikataba humtia usingizi. Mwuzaji alikuwa mama mmoja wa Uyole, Mama Tupokigwe, anayefanya biashara ya vitenge kati ya Mbeya na Tunduma. Alitupokea langoni, akamwinamia Jofrey kidogo.

"Ugonile, mheshimiwa. Karibu sana." Kisha akanitazama mimi. "Na dereva naye asisimame juani, chai ipo kule jikoni."

"Huyo siyo dereva, mama," Jofrey akacheka. "Ni mwanasheria wangu."

"Ee! Mwanasheria mwenye viatu vya namna hiyo?"

Walicheka wote wawili, na fundi aliyekuwa amelala chini ya gari akacheka pia bila kuona viatu vyenyewe. Mimi, niliyesimama mbele ya mkusanyiko wa wanafunzi wote wa chuo na kukilaani kizazi cha viongozi wanaopanda mashangingi huku zahanati zikikosa pamba, nilisimama pale nikiificha miguu yangu.

Tukalijaribu kuelekea Mlima Nyoka. Mama Tupokigwe alikaa mbele, akampigia Jofrey kelele: "Kanyaga, baba! Usilibembeleze, hili siyo Noah!" Jofrey akakanyaga. Shangazi, nimesoma vitabu vingi kuhusu nguvu na nani anayeimiliki, lakini siku ile niliielewa kwa mgongo wangu, maana kiti kilinisukuma kana kwamba kina haraka kuliko mimi. Malori ya Zambia yaliyokuwa yakipanda kwa kulia tuliyapita kama yameegeshwa. Nilipiga ukelele wa furaha. Naam, mimi. Kisha nikakumbuka kwamba furaha ile ni ya mtu mwingine, nikanyamaza.

Nikausoma mkataba neno kwa neno, nikarekebisha kifungu cha makabidhiano, nikatia sahihi kama shahidi. Raha anayoila Jofrey leo imethibitishwa na mkono wangu.

Jumapili iliyofuata alimpeleka Mama kanisani. Mama alipangusa soli za viatu vyake kwa kanga kabla ya kupanda. Walipokuwa wakiondoka nilimsikia akicheka ndani ya kile kioo cheusi, kicheko kirefu cha msichana. Nilipomletea matokeo yangu ya mwaka wa pili alisema, "Vizuri, mwanangu," akaendelea kuchambua maharage. Simlaumu. Lakini kicheko kile nilikitaka mimi, na niliona jinsi kilivyopatikana: kwa kubonyeza kitufe kiti kikapata joto.

Sasa nafika kwenye jambo lililonishikisha kalamu.

Mdogo wangu Brayson anataka kumwoa Ng'washi, binti wa Mzee Bujiku. Hao ni Wasukuma waliohama na mifugo yao miaka mingi iliyopita, na sasa wako katika tambarare za Usangu, upande wa Mbarali. Vijana walifahamiana kwenye mafunzo ya kilimo huko Mbeya, wanapendana, na hilo halina mjadala. Unakumbuka kwamba baba yetu alipozikwa, wewe mwenyewe ulisimama kando ya kaburi pale Kalenga, ukanishika bega mbele ya watu, ukasema kuanzia siku hiyo mdomo wa nyumba ya ndugu yako ni mimi. Kwa neno lako hilo, kikao cha ukoo kilinichagua niwe msemaji wa posa ya Brayson. Niliandaa maneno. Niliyarudia nikioga, nikila, nikipanga foleni ya chakula chuoni.

Siku gari lilipoingia Kalenga, uamuzi ule ulibadilika bila kikao. Baba Mkubwa Rabson alisema tu, akiwa ameegemea boneti, kwamba Jofrey ndiye atakayesema kwa Mzee Bujiku, kwa kuwa ndiye atakayetubeba.

Nikamwuliza: "Baba Mkubwa, kwani tunakwenda kuposa au kuuza gari?"

"Timo, maneno yako yaweke akiba ya migomo," akanijibu. Watu wakaangua kicheko, na mashauri yakaishia hapo.

Tulisafiri Jumamosi iliyopita, sisi wanne: Jofrey kwenye usukani, Baba Mkubwa mbele, mimi na Brayson nyuma, Brayson akiwa amevaa koti la marehemu baba na jasho limemtoka. Tulipokaribia boma, nilisema kwa upole, na Brayson ni shahidi wangu: "Kaka, tuliache hapa barabarani, tuingie kwa miguu. Mtu anayeposa hubisha hodi."

"Niliache hapa ng'ombe walikwangue?" Jofrey akasema. "Kaa utulie, mwanasheria."

Ng'ombe wenyewe walikuwa wakirudi kutoka kunyweshwa, wamejaza njia yote hadi kwenye lango la zizi. Wafugaji wale hawampitishi mtu kati ya ng'ombe na zizi lake. Husimama kando wakangoja mpaka mnyama wa mwisho aingie. Hata mgeni asiyejua angejua kwa kuwatazama wenyeji waliokuwa wamesimama pembeni. Jofrey hakuwatazama. Alipiga honi. Ng'ombe walipogoma kumpisha, akaungurumisha injini, ile sauti iliyonipigisha ukelele Mlima Nyoka, na boma zima likasikia. Ng'ombe walitawanyika kila upande. Wengine walipita juu ya mpunga wa jirani ulioanikwa kwenye turubai, wengine wakarudi mbio mbugani wakiwa na ndama nyuma yao, na vumbi likatufunika sisi na weusi wetu unaong'aa.

Mzee Bujiku alitoka na fimbo yake. Hakulitazama gari. Alitupita kana kwamba hatujafika, akaenda kuwaita ng'ombe wake kwa majina, na walipotulia ndipo aliporudi kutukaribisha.

"Karibuni. Poleni na safari."

Tukakalishwa kwenye viti vya heshima, tukaletewa maziwa mgando. Akatuuliza habari za baridi ya Iringa, za viazi, za bei ya mbolea, za magonjwa ya mifugo kwetu. Alituuliza kila kitu, Shangazi, isipokuwa lile swali moja: mmekuja na neno gani? Wewe unajua kama ninavyojua mimi kwamba mwenye nyumba asipouliza, mwenye posa hafungui kinywa. Kwetu ni hivyo na kwao ni hivyo. Tulikaa tukisubiri. Brayson alikuwa ameshika kibuyu kwa mikono miwili, hanywi.

Mwishowe Jofrey akakohoa. "Mzee, sisi tumekuja—"

"Kunywa maziwa, mwanangu," Mzee Bujiku akamkatiza, kwa sauti ya upole kabisa. "Yatapoa."

Maziwa mgando hayapoi, Shangazi. Pale ndipo nilipojua kwamba tumefungiwa mlango tukiwa ndani.

Alitusindikiza mwenyewe, akamshika mkono Baba Mkubwa. "Ng'ombe wangu hawajazoea kelele," akasema. "Siku mkija tena, njooni kama watu wanaoomba." Posa ikarudi Kalenga ndani ya gari, kama ilivyokwenda, haijafunguliwa.

Baadaye Ng'washi alimpigia Brayson akilia. Amesema baba yake atawapokea mara moja tu nyingine. Honi ikisikika tena langoni, kuna kijana wa Shinyanga ambaye wazee wake wamekwisha kuuliza nafasi, na wao watasikilizwa. Tangu siku hiyo Brayson anakula kama mtu aliyelazimishwa, na usiku Mama humsikia akijigeuza kitandani.

Ungetarajia ukoo umejifunza. La! Baba Mkubwa anasema kasoro ilikuwa zawadi, kwamba tulikwenda mikono mitupu, na safari ijayo buti litajazwa hadi juu. Jofrey anasema Mzee Bujiku ni mtu wa porini asiyejua magari. Msemaji, wanasema, ni yule yule. Gari ni lile lile. Nami ninapofungua kinywa, jibu ni moja, kutoka kwa watu wazima na watoto: "Timo ana wivu."

Ndiyo, ninao! Ningekuwa na gari lile ningelipitisha polepole mbele ya bweni la wasichana, vioo vimeshushwa, mkono mmoja kwenye usukani. Ningeliosha mwenyewe kwa shati langu. Nimelitamani tangu Uyole na ninalitamani ninapoandika mstari huu. Lakini ni tangu lini mtu mwenye wivu akapoteza haki ya kuona kilichotokea mbele ya macho yake? Wivu wangu haukupiga honi ile, wala haukutawanya ng'ombe wa watu. Gari la Jofrey nililitamani. Nafasi ya baba yangu sikuitamani, nilipewa, na aliyenipa ni wewe.

Ninachokuomba hakihitaji hotuba. Nataka useme katika kikao kijacho cha ukoo, kwa mdomo wako, kwamba neno ulilolisema kaburini bado lipo, na kwamba posa ya Brayson itakwenda kwa basi hadi Igawa, itakodi bodaboda hadi njia panda, kutoka hapo itatembea, na itasubiri ng'ombe wa mwisho aingie. Baba Mkubwa ni mkaidi kwa watu wote, lakini kwako, dada yake wa tumbo moja, hushusha macho. Nikishindwa huko kwa Mzee Bujiku, lawama iwe yangu peke yangu, na nitalala mlangoni kwa Brayson nikimwomba radhi.

Limebaki jambo moja, na nilisitasita kuliandika. Jofrey ametangaza kwenye kundi kwamba atakuja Songea kukuchukua kwa ajili ya kikao, na kwamba kiti cha mbele, kile chenye joto, ni chako. Niliona ulimjibu kwa vile vialama vya mikono miwili iliyounganishwa. Sijui vilimaanisha ahsante au ndiyo. Najua goti lako, najua basi linachosha, najua barabara ya milima ya Lukumburu ilivyo ndefu kwa mtu wa umri wako. Mtu mwingine yeyote ningemwambia apande na astarehe. Lakini ukishuka pale Kalenga kutoka kwenye gari lile, Shangazi, Baba Mkubwa hatahitaji kusikia utakalosema.

Nisalimie Baba Marcelino, nisalimie Marcelino mwenyewe na umwambie mpira wake nimeununua. Nisalimie Rozalia, asikose shule kwa ajili ya baridi. Mama anakusalimu, na Brayson anakusalimu ingawa hakusema, kwa maana siku hizi hasemi sana.

Mungu akulinde njiani, ailainishe barabara chini yako, akupe usingizi mzuri kwenye kiti chochote utakachokikalia.

Ni mimi, mtoto wa ndugu yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Timotheo Kalinga

Kikao ni Jumamosi, tarehe 19 Julai, saa nne kamili asubuhi, nyumbani Kalenga. Ijumaa ya kabla yake, kuanzia saa nane mchana, nitakuwa stendi ya Igumbilo nikiyatazama mabasi ya Songea yakiingia, hadi la mwisho.