Mashine Isiyofunikwa Kitambaa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini nani angethubutu kuanza kusema nawe bila shikamoo?

Mama, nimeinunua. Seva, ile mashine kuu itakayobeba kumbukumbu za spea zote, ili Mwanaidi wa kaunta, Juma wa stoo na mimi tuzione kwa pamoja. Kaka Shabani amenuna. Yeye alitaka laptopu moja tu, akae nayo nyumbani kwake, sisi tumpigie simu kuuliza kama cheni za pikipiki zipo. Maana yake unaijua: mwenye laptopu ndiye mwenye duka. Nikasema thubutu!

Unaikumbuka kompyuta yetu ya kwanza? Uliifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, ukaifunika gubigubi kama ulivyofunika redio na friji. "Kitu cha thamani hakikai uchi," ulisema. Masikini, matundu ya hewa yakazibwa, ikachemka, ikafa na kila tulichoandika humo. Fundi alipokionyesha kitambaa, ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. "Kumbe nimeivisha sanda!" Kaka hajacheka mpaka leo. Nikitaja kompyuta tu, ananikumbusha kile kitambaa: "Wewe na mama ni walewale. Wanawake na mashine, wapi na wapi!"

Anayasema hayo hapahapa Bagamoyo, mama! Ulipofungua duka la spea watu walikwambia kauze ubuyu. Ukawatazama, ukaendelea kupanga plagi.

Basi nami nimechagua mwenyewe. Muuzaji wa Kariakoo alining'ang'aniza yenye kioo kikubwa na taa za rangi. Nikamwambia taa zake akawashie harusini. Nilitaka yenye diski mbili zinazoandika kitu kilekile, moja ikifa nyingine iendelee. Nikachukua na betri ya kuishikilia umeme ukikatika, na waya wa kufika kwenye kompyuta ndogo za kaunta na stoo, maana waifai haipenyi kuta zetu hizi nene za mawe. Kaka alipoiona akaguna, "Kompyuta gani haina kioo?" Nikamjibu, "Isiyotaka kutazamwa na mtu mmoja tu."

Leo asubuhi Mwanaidi kauza cheni kaunta, na Juma kaiona imepungua akiwa stoo, papo hapo. Nililia mbele ya wateja, mama, wala sikuona haya. Nilikutaka wewe uone. Kaka alikuwa mlangoni. Baadaye akaniuliza, kwa sauti ya chini, na yeye ataingiaje humo kuziona spea. Nikamfungulia nafasi ya kuingia kama yetu sote, si juu wala chini.

Kitambaa chako ninacho. Nimekitandika mezani, mashine ikakaa juu yake. Juu nimepaacha wazi, ipumue. Atakayekuja kuifunika, kwa mapenzi au kwa husuda, atanikuta.

Pumzika, mama. Duka liko wazi.

Mwanao, muuza spea kama wewe